Hodi Kutoka Ndani

Ukiwaambia watu wa nchi za theluji kwamba Maskati kuna baridi, wanacheka. Na wacheke. Katika nyumba yetu ya Sib, nje kidogo ya mji, baridi haikuanza kwa upepo wala kwa mvua. Ilianza siku Baba alipopita chumba hadi chumba kuzima viyoyozi, akamaliza, akasimama ukumbini na kusema, "Haya, tumeokoka." Vilikuwa vile vya zamani vya dirishani, vimenguruma tangu mwezi wa nne, na sote tumezoea kuzungumza kwa kupiga kelele. Vikizimwa ndipo unapoisikia nyumba. Unasikia kijiko cha jirani, mlango wa friji, ndege inayoshuka kiwanjani. Siku za mwanzo tulikuwa tukinong'ona bila ya kuambiwa.

Mama akiingoja siku hiyo mwaka mzima. Miezi ya joto nyumba yetu ilikuwa kavu kama ofisi ya serikali, sakafu tupu na mapazia mepesi. Viyoyozi vikishazimwa tu, yalishushwa masanduku juu ya makabati, na nyumba nzima ikanuka vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Yakatoka mapazia ya mahameli rangi ya zabibu. Yakatoka mazulia aliyokuwa akiyanunua sokoni Matrah, moja moja, kwa kubishana na muuzaji mpaka muuzaji akaapa kwamba hamtaki tena dukani kwake. Ikatoka mito ya kuegemea, mablanketi mazito yenye mawaridi makubwa, chetezo cha udi, na ile chupa kubwa ya chai ya tangawizi iliyokaa sebuleni tangu alasiri mpaka isha. Wanawake wa mtaani wakaanza kuja, kwa sababu baridi ndiyo musimu wa kutembeleana. Walishika mapazia kwa vidole, wakasema mashaallah, wakauliza mshonaji ni nani. Mshonaji alikuwa Mama mwenyewe.

Wote walimsifia isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye Mama aliyemtaka. Alikuwa mavyaa wake, yaani mama yake Baba, Bibi yetu, aliyekuwa akikaa nasi tangu nilipokuwa mdogo. Bibi alikuwa ametoka Unguja na nyumba yake kichwani, yenye vitanda vya nguzo na vioo vya mlangoni, na nyumba yoyote nyingine aliipima kwa hiyo na ikapungua. Kila mwaka Mama alipomaliza kupamba alikuwa akimshika mkono na kumpitisha vyumbani. Bibi alitazama kila kitu kwa adabu. "Pazia refu hili," alisema mwaka mmoja. "Linafagia?" Mwaka mwingine aliihesabu mito kwa macho, akasema, "Mnangoja wagonjwa?"

Mama alicheka mbele yake, kisha akenda kugombana na masufuria jikoni. Mimi nilikuwa nikifuatwa baadaye. "Kakwambia nini Bibi yako? Hakusema kitu?" Hakusema kitu. Ningeweza kumbunia neno, lakini Mama angejua mara moja kwamba si la Bibi.

Mwaka ninaousimulia, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa nimeanza chuo na bado nikilala nyumbani. Miezi ile ya joto akili ya Bibi ilikuwa imeanza kulegea. Tulijua anaongea peke yake, tukiona mdomo wake, lakini kiyoyozi cha chumbani kwake kilikuwa na sauti kuliko yeye. Baba alipokizima, alasiri ileile tulisikia.

"Hodi!"

Mama aliitika karibu na akaenda kufungua mlango wa mbele. Hapakuwa na mtu. "Hodi!" Sauti ilitoka nyuma yetu, chumbani kwa Bibi, ndani ya nyumba. Tulimkuta ameketi juu ya kitanda chake, amejitanda kanga vizuri, anautazama mlango wake mwenyewe ulio wazi, anapiga hodi. Hodi ni ya mtu aliye nje, hata mtoto anajua. Alikuwa akingoja wenye nyumba waje wamkaribishe.

Mama, kwa kuduwaa tu, akasema, "Karibu, Mama." Bibi akashusha pumzi, akatabasamu, akanyamaza.

Ingeishia hapo, lau si Baba. Jioni tulimwambia, na alivyokasirika sijapata kumwona. "Mama yangu hapigi hodi nyumbani kwangu! Mkimwambia karibu mmeshamfanya mgeni. Asijibiwe. Mwambieni, Mama, upo kwako." Macho yake yalikuwa mekundu. Namwelewa, na bado nina hasira naye, kwa sababu amri alitoa yeye na asubuhi akaingia ndani ya gari akenda kazini, akatuachia sisi kuitekeleza.

Tukaitekeleza. Bibi akipiga hodi, tunamwambia upo kwako. "Kwangu wapi?" anauliza, anazidi kuogopa, anapiga hodi kwa nguvu zaidi. Chumba chake kilielekea njiani na madirisha ya mtaa mzima yalikuwa wazi.

Wa kwanza kuuliza alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanamke wa Kiarabu ambaye kwao ni milimani huko ndani, na Kiswahili hakijui hata neno. Alimuuliza Mama kwa Kiarabu, kwa huruma, "Dada yangu, huyu Hodi ni nani? Kila alasiri namsikia bibi anamwita."

Mama hakuchukua hata dakika. "Ni mwanawe," alisema. "Alifariki mdogo."

Jirani alilengwalenga na machozi. Siku ya pili akaleta sahani ya haluwa, akasema hii ni ya Ummu Hodi, mama yake Hodi, Mungu amlipe subira. Mimi na Mama tulijifungia jikoni tukacheka mpaka tukashikana. Kisha Mama akaacha kucheka mara moja.

"Huyu hajui Kiswahili," akasema. "Akipita anayejua?"

Na Sib imejaa wanaojua, watu waliotoka Unguja kama sisi. Mtu wa kwetu akipita njiani, akamsikia mwanamke mzee anapiga hodi ndani ya nyumba ya mwanawe na hapana anayemwitikia, hahitaji kuelezwa. Msiba wa kwanza watakaokutana wanawake, habari itakuwa imefika: wamemtelekeza, wamemfungia, mke wa mwanawe, yule wa mapazia. Mama alikuwa amevumilia kutosifiwa na mkwewe. Kusemwa kwamba anamtesa hakuweza.

Basi akafanya alichokijua. Akampambia chumba. Ndani kabisa, baina ya jikoni na stoo, palikuwa na chumba cha cherehani kisichoelekea njia yoyote. Alitoa cherehani, akapaka rangi ya maziwa, akahamisha mahameli ya sebuleni na kuyatundika tabaka mbili. Zulia zito kuliko yote alilitandika chini, la pili akalipigilia ukutani, la tatu ukuta wa pili. Mito mingine akaipanga kuzunguka kitanda. Alifukiza udi, akaweka taa yenye mwanga wa manjano. Kilikuwa chumba kizuri kuliko vyote tulivyowahi kuwa navyo, chenye joto, ukiingia unataka kulala. Baba alishukuru. Wageni walipoonyeshwa walisema, mke mwana wa namna hii siku hizi hapatikani, na Mama akatazama chini.

Mimi nilijua kazi ya yale mazulia, kwa sababu nilitumwa kuyajaribu. "Nenda nje, kwenye ukuta wa jirani," Mama aliniambia. "Mie nnaingia chumbani, nnafunga mlango, nnaita. Uniambie kama wasikia." Bibi alikuwa tayari kitandani, amefunikwa blanketi la mawaridi mpaka kifuani, anatutazama kama watu waliokuja kutengeneza bomba.

Nilisimama nje na sweta langu, sikio ukutani. Nikamsikia Mama, mbali, "Hodi!" Kisha nikaisikia sauti ya Bibi, nyembamba lakini wazi, "Karibu, mwanangu! Karibu, pita!"

Mama hakupiga hodi ya pili. Nilipoingia nilimkuta amekaa juu ya zulia, mgongo ukutani, na Bibi amenyoosha mkono kumwonyesha pa kukaa. "Umesikia?" Mama akaniuliza. Nikamwambia nimesikia. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akainuka, akenda kutafuta zulia la nne.

Lile la nne lilifanya kazi, na madirisha nayo tuliyafunga. Desemba nzima mtaani hakusikika kitu, na jirani alifurahi kwamba Ummu Hodi amepata utulivu. Sisi tuliokuwa ndani tulisikia. Ukipita ukumbini na sinia la chai, unaisikia hodi imefifia nyuma ya mahameli, mara moja, tena, tena, kisha kimya. Mwenye adabu hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa huenda zake. Bibi alifundishwa vizuri. Alikuwa akizipiga tatu, akangoja, na kwa vile hakuwa na pa kwenda akaanza upya. Nilichukia chumba kile. Nilichukia hata harufu ya udi.

Januari mvua ikanyesha, mvua ya kweli, mabonde yakajaa na barabara za Amerat kule milimani zikakatika. Dari ya stoo ikavuja, ukuta wa Bibi ukalowa, na mazulia yakaanza kunuka. Siku jua lilipotoka, Mama nami tulikuwa tukiyakokota nje kuyaanika, milango yote wazi. Tuliporudi kuchukua la mwisho, kitanda kilikuwa kitupu. Buibui la Bibi halikuwapo msumarini, wala mkoba wake.

Mama alitoka mbio na miguu mitupu. Tulikuwa bado getini, hatujui tushike upande gani, jirani akaita juu ya ukuta, "Yuko kwangu! Njooni, msihangaike!"

Tulimkuta ameketi juu ya godoro la wageni la jirani, buibui lake limekunjwa ubavuni, kikombe cha kahawa mkononi, haluwa mbele yake. Uso wake ulikuwa mkunjufu, uso niliokwisha kuusahau. Jirani alimvuta Mama pembeni. "Alisimama mlangoni kwangu anamwita mwanawe," alimwambia kwa Kiarabu. "Moyo wangu ulipasuka. Nikamwambia tafadhali, ingia, ingia, atakuja."

Tafadhali ya Kiarabu Bibi aliijua tangu utoto wake. Ndiyo karibu ya Waarabu.

Mama akapiga magoti mbele yake. "Mama, twende nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu. Kwako."

"Kule kwenye mazulia?" Bibi alishusha kikombe. "Siendi. Kule nimepiga hodi hata koo limekauka, hapana aliyenijibu. Nnawasikia wamo ndani, wanapita, wanateta, hawafungui. Huyu bibi hapa nimempigia moja tu." Akamtazama Mama vizuri, bila ya ubaya. "Weye unawajua watu wa kule?"

Jirani aliuliza anasemaje. Mama akamgeukia. "Anakushukuru," akasema.

Mama akaugusa mkono wa Bibi. Kisha akasimama, akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Mlete pole pole. Mie natangulia."

Nilimvisha Bibi buibui. Jirani alitusindikiza mpaka njiani, mkono kifuani. Mbele ya geti letu mazulia yalikuwa yameanikwa ukutani yote, mekundu, yanatona maji. Bibi aliyatazama, akasita, nikahisi mkono wake unataka kurudi. Lakini geti lilikuwa wazi, na mlango wa nyumba wazi, na madirisha yote wazi. Akajiweka sawa.

"Hodi," akasema, kwa woga.

"Karibu!" Ilikuwa sauti ya Mama kutoka ndani, sauti kubwa, ya kusikika mpaka njia ya pili. "Karibu, Mama! Karibu ndani! Pita, pita!"

Mtaa mzima ulisikia. Tangu siku hiyo Mama aliitikia kila hodi, mbele ya Baba na nyuma yake. Baba, ikisikika, alikuwa akiinuka na kwenda uani, na ile amri yake hakuirudia tena.

Siku ile Bibi alivua viatu mlangoni, kitu asichokifanya miaka yote kwa kuwa ni kwake. Alikataa kuegemea mto. Alikaa ukingoni mwa godoro, mkoba mapajani, buibui hakulivua. Mama alimletea chai ya tangawizi ndani ya kikombe cha wageni. Jua la alasiri lilikuwa likiingia, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba sebule ilionekana yote, mapazia yaliyobaki, mito, taa, chetezo kinafuka moshi mdogo. Bibi aliizungushia macho pole pole, kona hadi kona, kama alivyofanya kila mwaka. Nilimwona Mama amesimama na chupa ya chai mkononi, ameacha kumimina.

"Mashaallah," Bibi alisema. "Nyumba nzuri. Ya nani hii?"

Mama akaishika chupa kwa mikono miwili.

"Inaonyesha mwenyewe ni mtu wa mikono," Bibi akaendelea. "Pazia limekaa. Mto umekaa. Mie sisifii ovyo. Yupo wapi?"

"Ametoka," Mama akasema.

"Basi akirudi mwambie. Usisahau. Mwambie nyumba yake imenipendeza."

Mama akakijaza kikombe mpaka kikamwagika ndani ya kisahani.

"Nitamwambia," akasema.