Mtu wa Mlangoni katika Picha ya Mjini

Siku ya kwanza kazini niliajiriwa kupika, na jioni yake nikawa mfasiri. Gari la sinema la serikali lilikuwa limefika Mbozi, Mwingereza bado anatutawala, nami nilikuwa mjane ninayetafuta kibarua. Nikaambiwa niwapikie watu wa gari ugali. Giza lilipoingia, kijana wa pwani aliyekuwa mfasiri wao akasimama kando ya turubai akaanza kueleza picha kwa Kiswahili kilichonyooka. Akina mama waliokaa mbele wakaanza kuongea habari za maharage. Siku hizo Kiswahili kwetu kilikuwa cha wanaume waliosafiri. Mimi nikawa nawaeleza wa karibu yangu kwa Kinyiha, na wa nyuma yao wakasema pandisha sauti, nikapandisha, hata mwishowe nusu ya watu wameipa turubai mgongo wananitazama mimi.

Mkuu wa gari alikuwa Mzungu mrefu, tulimwita Bwana Sinema. Akaja pale nilipokaa.

"Mama, unajua lugha ngapi?"

"Kinyiha cha baba, Kinamwanga cha mama, Kindali cha marehemu mume wangu. Na Kibemba cha sokoni Tunduma."

"Na Kiswahili?"

"Si hicho ninachokujibu, Bwana."

Akanipa kipaza sauti. "Kesho atapika mwingine," akasema. Yule kijana akapelekwa kwenye gari lililokuwa likizunguka nchi ya Kiswahili, wala hakununa. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka kuzijua herufi tu, basi. Kazi ile nilijifunzia mdomoni.

Ninyi wajukuu mnaotazama picha mmelala, sikilizeni ilivyokuwa. Filamu ni utepe mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu la bati, na pembeni mwake kuna vitundu vidogo. Mashine ina meno. Meno huingia kwenye vitundu na kuuvuta utepe mbele ya taa, na taa huitupa picha kwenye turubai. Umeme ulitoka kwenye jenereta ya petroli, ambayo tuliiweka mbali ili isinizidi sauti. Mwenye mashine alikuwa Fundi Saidi, mtu wa Tanga, mpole, mwenye hasira na vumbi tu. Mimi nilisimama pembeni mwa turubai, na kabla ya kwenda mbele ya watu nililazimika kuiona picha yote mchana, ndani ya gari lililofunikwa mablanketi, mpaka niijue kama njia ya kisimani.

Tulianza na picha za mafunzo: choo, mbu, kupogoa kahawa. Watu walizivumilia. Ya mwisho ndiyo waliyoijia, na Bwana Sinema aliiweka mwisho makusudi ili wasiondoke. Hiyo ilikuwa picha ya mtu aliyetoka kutembea mjini usiku mmoja.

Nimezitafsiri nyingi za namna hiyo, za Wazungu na za watu weusi, na zote zimeshonwa kwa uzi mmoja. Mtu anatoka nyumbani amevaa vizuri. Anapoteza kofia, kisha rafiki, kisha fedha, kisha njia. Kila anayekutana naye anamsogeza mbali zaidi na kitanda chake. Asubuhi inamkuta ameketi mahali asipopajua, mguu mmoja hauna kiatu. Waliozitengeneza walitaka tucheke. Za Wazungu tulicheka. Kule Tunduma, watu waliozoea kuvuka mpaka, mzee mmoja alipaza sauti, "Mukwai, mabwana, huyo angepita kwetu, angeibiwa kabla hajamaliza kuvaa," na watu wakaanguka kwa kicheko.

Lakini ile ya watu weusi ilikuwa nyingine. Ilipigwa katika mji mmoja wa ng'ambo, kule walikokwenda vijana wetu kuchimba shaba. Jina la mji hatukuambiwa. Ilipoonyeshwa watu walinyamaza, maana kila ukoo ulikuwa na mtu aliyetoka jioni kama yule na asubuhi yake bado haijafika.

Tuliionyesha Ihanda. Katikati ya picha kuna kilabu cha pombe, na yule mtu aliyetoka kutembea, sasa amelewa, anatupwa nje. Mlangoni wamesimama watu wa kawaida, si waigizaji, wapita njia tu. Mmoja wao anageuza uso, anatazama, anageuka tena na kuondoka. Haidumu hata pumzi mbili. Hapo mwanamke mzima akainuka katikati ya watu akaita, "Anania."

Huyo alikuwa Mama Anania. Mwanawe alikwenda migodini, akamwacha mke, Rebeka, bila mtoto. Baadaye wenzake walirudi na habari kwamba sehemu ya mgodi iliporomoka na Anania hakuonekana tena. Maiti haikuletwa. Ukoo ulikuwa umekwisha kupanga kumaliza msiba, Rebeka anyolewe nywele kisha arithiwe na Lazaro, mdogo wa marehemu. Kanisani hayo yalikatazwa, lakini nyumbani yalifanyika.

Fundi akarudisha utepe. Mama Anania akasogea mpaka karibu aiguse turubai. Yule mtu akageuza uso tena, akatazama, akaondoka.

Asubuhi wazee wa ukoo wakamwita Bwana Sinema, nami nikaenda kutafsiri. Lazaro alianza. "Mama, hata babu angepigwa picha tungemwona leo anatembea. Ingekuwa amefufuka?"

"Babu yako simjui alivyozaliwa," mama yake akajibu. "Yule nimemzaa mimi. Lile bega lililoshuka nilimvunja mwenyewe, nilipoteleza naye mgongoni, bado ananyonya."

Bwana Sinema hakuficha. Alisema picha ile ilipigwa kabla mgodi haujaporomoka, tena kitambo. Kwamba aliyeonekana alikuwa hai siku ile ya kupigwa picha, na zaidi ya hapo picha haijui kitu. Nikaifikisha habari kama alivyoisema. Mfasiri si hakimu. Rebeka alikuwa amekaa ukutani, alinitazama wakati wote nikisema, wala mimi sikupunguza neno.

Mama Anania akafikiri. "Mwambie Bwana nimesikia," akasema. "Lakini wembe ni wangu. Maadamu namwona kwa macho haya, siutoi."

Katika ukoo ule wembe wa kumnyoa mjane hutolewa na mama wa marehemu, na hakuna mwingine. Asipoutoa, msiba haujaisha, na mke hawezi kurithiwa. Lazaro akatema mate, akaondoka.

Mchana Rebeka alinifuata kwenye gari akakaa kunisaidia kuosha masufuria.

"Dada, mimi nimemwelewa Bwana," akasema. "Anania amekufa. Mimi si mtoto. Lakini Lazaro ana wake wawili, na wote wawili nimewakanda maji moto kwa vipigo vyake. Picha ile ikidumu, nami nitadumu. Mwambie fundi aitunze."

Fundi Saidi alikuwa akisikia. "Shemeji," akamwambia, "nitaitunza. Lakini utepe si kamba ya katani."

Tangu siku hiyo Mama Anania alilifuata gari. Tukiwa Mbozi, yupo. Tukishuka Tunduma, anakuja na kitita chake cha viazi na kulala kwa jamaa. Tulipopanda milima ya Ileje, Mbebe, barabara ni tope tupu na sisi wenyewe tumesukuma gari, tukamkuta amekwisha fika kwa miguu. Wakati wa choo na mbu alisinzia. Ilipofika picha ya mjini aliamka, na kilabu kilipotokea alisimama. Kisha alisema, "Rudisha, baba." Fundi alirudisha. "Tena." Watu hawakumzomea. Habari ilikuwa imeenea kwamba kule Ihanda kuna mwanamke ambaye nywele zake zinasubiri.

Bwana Sinema akahamishwa, akaja mwingine aliyependa kuhubiri, naye akaondoka. Wa tatu alikuwa Mwafrika, Bwana Maendeleo, msomi, mtu wa haki na wa saa. Jioni ya kwanza alimwona Mama Anania akisema tena, tena, akamuuliza Fundi, "Huyu mama anakula filamu yangu?" Nikamweleza habari yote. Akatazama saa yake, akasema, "Mara mbili tu. Si zaidi."

Lakini utepe ulikuwa umekwisha kuharibika. Utepe unaporudishwa hupita tena kwenye meno, na meno hula vitundu. Picha yote ilipitishwa mara moja kila mahali, ila pale mlangoni ilipitishwa mara nyingi mno. Tulipokuwa Ikinga, mchana, Fundi akiujaribu utepe, ukakatika palepale. Akanionyesha kwenye mwanga. Vitundu vilikuwa vimechanika vyote.

"Hauunganishwi?" nikamuuliza.

"Nikiunga hivihivi, mashine itatafuna na mbele na nyuma. Dawa yake ni kukata kibovu, kuunga kizima kwa kizima."

Tukamwita Bwana Maendeleo. Aliushika utepe ule kwa vidole viwili muda mrefu. "Kata," akasema. "Hii ni picha ya serikali, watu wa vijiji vingine wanaingoja." Fundi akakata kipande cha urefu wa mkono, akapaka gundi, akabana, akapuliza. Kile kibovu akakitupa shimoni nyuma ya shule, pamoja na majivu na mabati ya maziwa. Ndivyo kazi ilivyokuwa. Mtu asije akamlaumu.

Nilimtafuta Mama Anania kabla ya giza nikamweleza. Fundi naye akaja akamweleza. Alitusikiliza wote wawili kwa adabu. Jioni alisimama mahali pake. Kilabu kikatokea, mlevi akatupwa nje, mlango ukawa na watu wengine, na picha ikaruka, tayari mlevi yuko barabarani. Nami kinywani nina kipaza sauti na watu wananingoja niseme.

Mama Anania hakusema rudisha. Picha ilipokwisha akaja akanishika mkono.

"Basi amekufa," akasema.

"Mama, ni kipande tu kimekatwa. Tumekuambia mchana."

"Hata mgodini walisema ni kipande tu kimeporomoka."

Akarudi Ihanda, akautoa wembe. Rebeka akanyolewa, na baada ya siku za ukoo akaingia nyumba ya Lazaro. Sikwenda. Tulikuwa na kazi Mbebe.

Niliiacha kazi koo liliponishinda, karibu na Uhuru. Bwana Maendeleo alinishukuru mbele ya watu na kunipa blanketi. Watoto wa siku hizi huniuliza kama kazi ya mfasiri ni nzuri. Ni nzuri kwa mtu anayeweza kufikisha neno chungu bila kulitia asali, kisha akalala. Kulala nililala. Lakini picha za mtu anayepotea mjini usiku mmoja, wajukuu wakizifungua na kucheka, mimi hutoka nje nikachambua mboga.

Rebeka nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, sokoni Vwawa, amezeeka kabla ya wakati, jino la mbele hana. Mama Anania alikuwa amekwisha kufa. Tulisalimiana, tukaulizana habari za mahindi. Kisha akaniuliza kile kipande kilitupwa wapi.

"Ikinga," nikamwambia. "Shimoni, nyuma ya shule. Miaka mingi, Rebeka. Kimeoza."

"Mkwe wangu alikufa hana kaburi la mtoto wake la kufagia," akasema. "Wala mimi sina."

Akafunga vizuri mzigo wake kichwani.

"Nyuma ya shule, dada, upande wa mlima au upande wa mto?"