Volti ya asubuhi, ampia za alasiri: nusura niiue oveni ya Bi Zuwena

Wakuu, salamu kwenu. Nitaeleza ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Nakaa Mlandege. Umeme nimejifunza mwenyewe, kwa video na kwa kuunguza vitu vyangu. Ni mtu wa wasiwasi: nikishafunga soketi ya mtu, nikifika njiani narudi kuitazama tena.

Ramadhani hii aliniita Bi Zuwena, jirani wa ghorofa ya juu. Bintiye kaolewa Nungwi, na hii ndiyo Ramadhani yake ya kwanza kwa mume. Mnajua mambo yetu, mama lazima apeleke futari kwa wakwe.

Siku ya kupeleka ni kesho yake. Na kila akioka mkate wa kumimina, unatoka mbichi katikati.

Asubuhi nikapima volti kwenye soketi: 230. Nikarudi alasiri, saa anayooka, nikapima ampia oveni ikiwaka: 6.5.

Volti gawanya kwa ampia unapata ohm. 230 kwa 6.5 ni kama 35.

Kibati cha oveni kinasema 230V, 2000W. Watt gawanya kwa volti, ampia 8.7. Kwa hiyo koili ilitakiwa iwe na ohm 26 na nusu hivi.

Nikamwambia koili imechoka, kwa sauti ya daktari kabisa.

(Mtauliza kwa nini sikupima ohm moja kwa moja. Upande wa ohm wa mita yangu umekufa.)

Bi Zuwena akasema, "Basi nitamwomba wifi yangu wa Bwejuu aniokee. Wakwe watajua tu si mkono wangu."

Nikashuka kwangu, roho haijatulia. Koili ikifa hukatika. Hii imepandaje ohm taratibu hivyo?

Nikatazama feni yangu. Inazunguka kivivu.

Nikapanda tena, nikamwomba aiwashe oveni, nikapima volti pale pale: 172. Jengo zima linapika futari kwa laini moja ya zamani.

172 kwa 6.5 ni ohm 26 na nusu. Koili nzima!

Nguvu je? Volti mara ampia: 172 mara 6.5, watt 1,118. Oveni ya 2000 inafanya kazi zaidi ya nusu kidogo tu.

Wakuu, kumwambia mtu mzima kwamba nimekosea kulinishinda kwa muda. Nilijifanya naangalia waya.

Mwishowe nikasema. Akanitazama.

"Kwa hiyo jiko langu lilikuwa limefunga, kama sisi?"

"Naam, Bi. Asubuhi linapata umeme kamili."

"Basi ntaoka asubuhi. Mkate wa kumimina wenyewe unataka upoe ndo ukatike. Na wewe mwanangu ushanizikia jiko lina roho."

Asubuhi yake volti zilikuwa 228. Mkate ulipotoka alichomeka kijiti katikati, kikatoka kikavu. Akaninyooshea nikione.

Nilichojifunza: kanuni haikunidanganya. Nilichukua volti ya saa moja nikaigawa kwa ampia za saa nyingine. Pima vyote viwili pamoja, mzigo ukiwa umewaka. Na ile laini ya jengo tumeshamwita fundi mwenye leseni, si kazi ya mtu kama mimi.

Wenzangu wa mjini na shamba, karibu na magharibi mita zenu zinasoma ngapi? Na kuna aliyewahi kuhukumu kifaa kizima? Nisahihisheni bila huruma, nimeshazoea.