Anayesubiri Kutajwa Redioni

Pale Ngamiani kwetu, ukitaka kujua ni saa ngapi huna haja ya kuuliza. Sikiliza tu redio ya Anastazia. Cherehani yangu na jiko lake viko kwenye baraza moja miaka mingi sasa, na redio iko katikati yetu kama mke mwenza. Majirani wengine wana redio za muziki mtupu, na za vijana wanaochekana wenyewe kwa wenyewe. Yeye ni redio ya taifa tu, tangu anapowasha moto alfajiri mpaka anapokusanya sufuria zake. Nimeshamwomba mara nyingi tubadilishe kidogo. Huongeza sauti tu.

Asubuhi anakaanga maandazi na kupakua mbaazi za nazi huku akisomewa magazeti. Mtangazaji akisema "habari za asubuhi, msikilizaji," Anastazia anajibu "njema, sijui zako," na mteja aliyesimama na bakuli lake anasubiri wamalize kusalimiana. Kikija kipindi cha kilimo anasikiliza kwa kiburi, maana yeye ni Mbondei wa Muheza na haoni nani wa kumfundisha shamba. Siku ile ninayoisimulia alikuja daktari redioni, akawa anaeleza madhara ya vyakula vya kukaanga. Baraza imejaa, kila mtu na andazi lake mkononi. Anastazia akainuka, akapunguza sauti taratibu, akarudi kukaa. Alipoipandisha tena daktari alikuwa ameshafika kwenye kunawa mikono. "Huyu daktari anajua," akasema.

Watu hudhani anaipenda redio. Anaipenda, sikatai. Lakini kinachomkalisha pale kutwa nzima ni kaka yake.

Kaka yake anaitwa Zebedayo, na ni mtuma salamu. Mnawajua watu hao. Zamani walinunua kadi, siku hizi wanatuma kwa simu, na kila mmoja ana jina lake la redioni. Zebedayo hujiita Mzee wa Michungwa, kwa sababu ana shamba la michungwa huko Muheza na ni mzee wa kanisa pia. Anamsalimu mwinjilisti, bwana mifugo, mwenye mashine ya kusaga, hadi fundi aliyemwezekea banda la mbuzi. Dada yake wa tumbo moja hajamtaja hata siku moja tangu aolewe na Uweso.

Huyo Uweso ni fundi baiskeli, ng'ambo ya barabara tu, Mwislamu wa hapa hapa mjini. Walioana bomani, kila mtu akabaki na dini yake. Ijumaa mume anakwenda msikitini, Jumapili mke anakwenda kanisani Chumbageni, na sijawahi kuwasikia wakigombana kwa habari ya Mungu. Wakigombana ni grisi kwenye mashuka. Lakini Zebedayo alisema hiyo si ndoa, akasusa. Mama yao alipofariki, Uweso alikwenda, akabeba jeneza begani pamoja na wanaume wengine. Watu wakamuuliza Zebedayo yule ni nani. Akawaambia ni dereva aliyewaleta wageni wa Tanga. Uweso hata usukani hajawahi kuushika. Alinisimulia mwenyewe akicheka, ila Anastazia hakucheka, na mimi tangu hapo yule mzee nilimwekea kinyongo.

Basi asubuhi ile simu ya Anastazia ikalia. Ni Ritha, binti wa Zebedayo, ambaye huzungumza na shangazi yake kwa siri.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mwaamkaje huko?"

"Twashukuru. Shangazi, leo usizime redio."

"Wewe uliniona lini nikizima?"

"Baba jana kutwa anaandika salamu. Anaandika, anafuta. Nikitaka kumsaidia anaficha simu."

Anastazia akamshukuru, akakata simu, akageuza maandazi yaliyokwisha kuungua upande mmoja. "Labda leo, Mama Asmahani," akaniambia. Nikamwambia labda. Ningesema nini jamani? Nilimwonea huruma kweli, mtu mzima mwenye wajukuu, anasubiri kutajwa jina.

Mchana taarifa ya habari ikasomwa, yakafuata matangazo ya vifo. Mtaani kwetu kuna adabu yake: yakianza, kazi inasimama. Mimi natoa mguu kwenye pedali, Uweso anaweka spana chini, Anastazia anafunika sufuria. Marehemu anaweza kuwa wa Songea, hatumjui wala hatujui ukoo wake, lakini tunakaa naye mpaka majina ya ndugu wote yaishe. Kisha spana inalia tena.

Salamu ndizo zinazofuata. Lakini zilikuwa siku za bajeti, na badala ya salamu tukaambiwa tunajiunga na Bunge moja kwa moja kutoka Dodoma. Anastazia akatazama redio kwa muda. Mbunge mmoja alitaka barabara. "Mpeni barabara yake akae," akasema Anastazia. Mwingine akasimama kuunga mkono hoja, akaiunga, akaiunga, mimi nikamaliza upindo wa gauni zima na yeye bado anaiunga. "Huyu hana kwao?" akauliza. Nikacheka, naye akanikasirikia mimi badala ya mbunge.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Uweso akanawa grisi kwa sabuni ya unga, akavaa kofia, akaenda zake msikitini. Alikuwa hajui lolote kuhusu simu ya Ritha. Anastazia hakumwambia, maana alishamwambia mara nyingi huko nyuma na mara zote ikawa bure.

Bunge likaisha. Mtangazaji akaomba radhi kwamba muda umekwenda, atasoma salamu chache tu. Anastazia alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia, kizio cha nazi mkononi, wala hakuni. Mtangazaji akasoma za mtu wa Kigoma. Akasoma za mtu wa Masasi. Halafu akasema, "Na huyu ni rafiki yetu wa siku nyingi, Mzee wa Michungwa, Muheza."

Nikasimamisha cherehani. Akasalimiwa mwinjilisti. Akasalimiwa bwana mifugo na familia yake. Akasalimiwa mwenye mashine ya kusaga, na mimi nikasema moyoni, mashine nayo ina bahati kuliko dada.

"Na wa mwisho ni shemeji yake, fundi Uweso, wa Ngamiani, Tanga. Ujumbe wake unasema: machungwa yameiva, njooni nyumbani mle."

Nazi ikadondoka ikabingirika barazani. Anastazia akainuka, akatoka vile vile, miguu mitupu, kichwa wazi, akashika njia ya msikitini. Nikachukua ndara zake na kanga yangu mwenyewe, nikamkimbilia, nikaacha gauni la watu chini ya sindano.

Tulisimama ukutani, mbali kidogo na mlango. Watu wakaanza kutoka. Uweso alipotuona, mimi ninahema na ndara mkononi, mke wake hana viatu, uso ulimbadilika.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Kaka kakusalimu."

"Kaka gani?"

"Una mashemeji wangapi Muheza, Uweso? Redioni, nchi nzima imesikia. Kasema shemeji yake, fundi Uweso wa Ngamiani. Kasema njooni nyumbani."

Uweso alikuwa amevaa kiatu kimoja, kingine kakishika. Akakaa kwenye ngazi. Akapangusa kiatu ambacho hakikuwa na vumbi. Kisha akamtazama mkewe.

"Na wewe je? Kakutajaje?"

Anastazia akayahesabu yale majina kwa vidole. Akanigeukia mimi. Nikatazama chini, maana mimi nilikuwa nimeliona hilo tangu barazani na nilikuwa naomba asiulizwe.

"Mimi hakunitaja," akasema polepole.

Halafu akaanza kucheka. Akacheka mpaka watu waliokuwa wanavaa viatu wakageuka.

"We Uweso," akasema, akijifuta macho kwa kanga niliyomletea, "mtu anapataje shemeji kama hana dada?"