Nambari kwenye Kibuyu cha Jirani

Lile kongamano la Meru lilinigharimu shilingi elfu nne na mia mbili: nauli, chumba cha siku mbili chenye kunguni wa bure, na ada ya kujiandikisha ambayo niliipigania mlangoni mpaka ikashuka nusu. Nimehesabu mara mbili. Kibuyu sijakitia humo, kwa sababu hakikuwa changu, na bei ya kitu cha mwenzako huijui mpaka siku ya kukirudisha.

Nilikuwa muuza mitumba sokoni Ishiara. Magoti yaliponikataa nikafunga kibanda, nikageuza chumba changu cha mbele kuwa maktaba. Ukuta mmoja vitabu, ukuta wa pili vitu vya zamani vya majirani: kinu, ngoma, mizinga ya nyuki. Vitabu vilikuwa vyangu. Vile vingine niliazimwa kwa mdomo tu, na mdomo ulitosha.

Ndipo nikaalikwa kwenye kongamano la watu wa maktaba, nyaraka na makumbusho. Kila mtu aje na kitu kimoja cha kwao. Nikaenda kwa jirani yangu, mama mzee ambaye soko zima humwita Cucu, yaani nyanya. Alikuwa na kibuyu cheusi kwa moshi na mafuta ya mikono, cha kumiminia pombe ya muratina siku ya mahari. Binti zake wanne waliombwa kwa kibuyu hicho.

“Kinaenda Meru kufanya nini?” akaniuliza.

“Kuonekana tu, Cucu.”

“Na kikishaonekana?”

“Kinarudi.”

“Kirudi vile kilivyo. Jumamosi ya wiki ijayo wageni wa mjukuu wangu wanakuja. Usinifanye niwamiminie kwa mtungi wa plastiki kama watu wa kuuza mafuta taa.”

Ukumbini tulivishwa kadi shingoni kama ndama wa maonyesho. Siku ya pili mwezeshaji, kijana mpole mwenye glavu nyeupe, akaomba kitu cha kufundishia namna ya kutunza vitu. Mikono yote ikatulia. Mimi nikaona biashara. Nyuma yake palikuwa na kabati la vioo, zuri, na nilikuwa nimeshasikia kwamba halina pa kwenda.

“Nikikupa hiki, unanipa nini?”

“Cheti, mama.”

“Cheti ninacho cha ubatizo. Nataka hilo kabati.”

Watu wakacheka. Akakuna kichwa, akaenda kunong'ona na wakubwa wake, akarudi. “Sawa, mama. Litakufuata Ishiara.”

Nikaenda kwenye chai nikijipongeza. Andazi lilikuwa moja kwa kila kadi, nilipata mawili. Niliporudi, kibuyu kilikuwa juu ya kitambaa cheupe, na karibu na shingo yake, juu ya vanishi inayong'aa, pameandikwa nambari. Wino mweupe, nadhifu, nukta mbili katikati. Juu yake vanishi tena.

“Sasa hakiwezi kupotea,” akasema, na alifurahi kweli.

“Hiyo inatoka?”

“Inatoka kwa asetoni.”

“Iko wapi?”

“Hatukubeba. Leo ni somo la kuweka. Somo la kutoa litakuwa Embu, mwakani.”

Hapo nikaanza kuelewa. Kwetu Mbeere mzinga wa nyuki huchongwa alama ya ukoo. Ukipita chini ya mti unatazama juu, unajua asali ni ya nani, unaendelea na safari yako. Hakuna anayeuliza alama ilifikaje pale. Alama ikishakaa, imesema.

Nilipofika nyumbani sikwenda kwa Cucu. Nilikwenda kwa msichana wa saluni, nikanunua dawa ya kutoa rangi ya kucha, ambayo alisema ina asetoni, nikaijaribu kwa pamba, polepole. Nambari ikabaki nusu. Moshi wa miaka yote ile ukatoka mzima. Pakabaki baka jeupe ukubwa wa kiganja, kama kidonda cha moto, na ndani yake tarakimu mbili zikinitazama. Nikasimamisha mkono. Nikapaka mafuta ya kula, nikafukiza kwa kuni za jikoni, nikapaka tena. Baka likawa la kahawia na likanuka chapati.

Nilimpelekea Jumatano. Alikigeuza kwenye mwanga wa mlango, kidole kikasimama shingoni.

“Hii ni alama ya nani?”

“Ya wale wa kongamano, Cucu. Lakini haina maana kwamba—”

“Ukikuta mzinga wangu una alama ya ukoo mwingine, utawaambia watu haina maana?”

“Ni nambari tu.”

“Wageni wangu wana macho. Wakiniuliza nawapa binti kwa chombo cha nani, nitasema ni nambari tu?” Akakirudisha mikononi mwangu, taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. “Kikirudi kuwa changu, kilete.”

Jumamosi hiyo alimimina kwa kibuyu cha kuazima, na mimi nilikaa karibu na mlango. Hakunisema. Ingekuwa nafuu anitukane. Jumatatu mwenye ngoma akaja kuchukua ngoma yake, akisema ina kazi. Kinu nacho kikapata kazi. Kabla ya mwezi kwisha hata mizinga ya nyuki ilikuwa imeondoka, na hakuna aliyegombana nami. Walisalimia, wakabeba.

Kabati lilifika, siwezi kusema walinidanganya. Ni kubwa kuliko ukuta wake na ndani mna kibuyu kimoja. Somo la Embu liliahirishwa, likaahirishwa tena, na yule mwezeshaji hapokei simu yangu siku hizi.

Sasa mjukuu wa mwisho wa Cucu anaombwa Desemba. Cucu mwenyewe hatembei tena. Juzi alinitumia mtu aniulize kama kile kitu kimeshakuwa chake. Nilimjibu nitamjulisha. Kwa hiyo nawauliza ninyi mnaosoma hapa, wenye vyeti na mliokulia jikoni kwenye moshi: vanishi hiyo inatolewaje bila kumtoa mwenye kibuyu, na moshi wa miaka yake, pamoja nayo? Na ikitoka, ni nani anayepaswa kusimama mbele ya wageni aseme alama imeondolewa? Nijibuni kabla ya Desemba.