Mungu Asiyelia

Katika ushirika wetu, aliyefiwa aliachwa alie kwa muda, kisha Ijumaa moja aliitwa asimame mbele ya wote amshukuru Mungu kwa kifo kile. Tuliita kufunga msiba. Tulitoka na desturi hiyo nyumbani Kenya, tukaibana ndani ya sebule ya ghorofa moja Al Mansoura, mtaa mmoja wa Doha, pamoja na nyimbo zetu ambazo huku tuliziimba kwa sauti ya chini ili majirani wasije kugonga. Aliyekataa kufunga msiba hakufukuzwa. Aliwekwa kando tu: alikaa karibu na mlango, hakuombwa kuongoza sala, na hakuna aliyempigia simu katikati ya wiki mpaka siku atakaposhukuru. Aliye na ndugu zake karibu hawezi kujua simu isiyolia ina uzito gani Doha.

Dada tuliyekuwa tunamngoja Ijumaa moja asubuhi alikuwa yaya katika nyumba moja kitongoji cha Muaither. Mwanawe, aliyemwacha kwa mama yake mzazi, alikuwa amefariki kwa homa, akazikwa wakati yeye bado anangoja ruhusa ya mwajiri ya kutoka nchini. Ruhusa ilipokuja, kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Aliona hana cha kwendea. Akaendelea kuwaogesha watoto wa wengine, na kila Ijumaa alikuja kwetu akaketi na kulia bila sauti, mtandio ukiwa mdomoni. Wiki iliyotangulia kiongozi wetu alisema imetosha.

Kiongozi tulimwita Mzee, ingawa hakuwa amefika hata miaka hamsini. Alikuwa msimamizi wa walinzi katika mnara mmoja wa ofisi kule West Bay, na hata sebuleni alisimama kama mtu anayelinda lango. Kwa wiki kadhaa alikuwa ametufundisha jambo moja: Mungu habadiliki, hatikisiki, haumii. Huzuni ni ya mwili. Anayemkaribia Mungu hutulia kama yeye alivyotulia.

Nilimsikiliza nikijua maneno yale yametoka wapi. Kabla ya kuja kusimama nyuma ya kaunta ya hoteli na kuwaambia wageni karibuni, nilisoma teolojia Nairobi, nikaiacha karo iliponishinda. Sehemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya karne za mwanzo, imani ilipoingia katika miji iliyozungumza Kigiriki. Wagiriki wenye kufikiri walikuwa wamechoshwa na miungu wao wa hadithi, wenye wivu na hasira za walevi. Walisema aliye Mungu kweli hasukumwi na kitu chochote. Anayelia amepungukiwa; anayebadilika ama anaongezeka ama anapungua, na Mungu hawezi kufanya lolote kati ya hayo. Wakristo wa miji hiyo walichekwa kwa kumwabudu mtu aliyepigiliwa misumari mtini. Walimu wao, ambao wengine walikulia katika shule hizo hizo za falsafa, walipotaka kusikika na wasomi walichukua lugha iliyokuwepo, na lugha ile ikawaletea Mungu asiyetikisika. Halafu wakabaki na fundo mikononi. Mwana alilia kaburini kwa rafiki yake; Baba hawezi kulia. Walibishana juu ya fundo hilo vizazi na vizazi, wakatengana, wakaitana wazushi.

Darasani fundo hilo lilinifurahisha kama kitendawili. Al Mansoura niliona linamkaba mtu.

Yule dada alifika mapema. Tulikutana jikoni, mimi nikipanga vikombe.

"Leo ananisimamisha," alisema.

"Najua."

"Siwezi kusema asante, dada. Nimejaribu mbele ya kioo. Mdomo unakataa."

"Basi usiseme."

"Halafu nikae mlangoni?" Alishika ukingo wa sinki. "Nikitoka hapa narudi kwenye nyumba ambayo hakuna anayejua hata kama nilikuwa na mtoto. Ninyi ndio watu nilio nao. Mkiniweka kando nimekwisha."

Nikaamua papo hapo kwamba nitasema kabla hajasimamishwa.

Sebule ilijaa. Magoti yaligusana kwenye viti vya plastiki, kiyoyozi kikanguruma. Tuliimba, tukaomba, kisha Mzee akamgeukia yule dada. Nikainua mkono.

"Mzee, kabla hajasimama, naomba neno."

"Sema, profesa."

Watu walicheka kidogo. Nilisimama, nikaeleza yote: miungu walevi, shule za falsafa, walimu wa kanisa waliotafuta lugha ya kuwajibu wasomi. Nikasema, huyu Mungu asiyeumia hatukumpokea kutoka kwa manabii peke yao. Manabii walimjua Mungu anayehuzunika na kughairi. Nikasema, tusimlazimishe mama aliyefiwa afanane na Mungu wa wanafalsafa.

Mzee alinigeukia.

"Kwa hiyo Mungu wetu ni Mgiriki?"

"Hapana, Mzee. Miwani tuliyomtazamia ndiyo ya Kigiriki."

"Mbona hata hii yangu ni ya Mchina," akasema dereva mmoja Mganda kutoka kona, akiivua aione, "na nawaona vizuri tu!"

Sebule nzima ikacheka, nami nikacheka bila kupenda, maana alikuwa ametoa hoja ambayo mwalimu wangu angeipa alama nzuri. Mzee hakucheka. Alingoja kimya kirudi.

"Dada yangu," aliniambia, na sasa hakuniita profesa. "Pale kazini nina vijana. Mmoja nilimkuta juu ya paa la mnara, mguu mmoja umeshavuka ukingo. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia yuko mmoja asiyeanguka, mshike huyo. Ningemwambia Mungu naye analia, yule kijana angeshika wapi?"

Nilikumbuka kwamba hata Wagiriki wale hawakuwa wakatili; walikuwa wakitafuta Mungu ambaye hataamka siku moja na hasira akaivunja dunia. Nikaketi.

"Mmemaliza?"

Alikuwa yule dada. Amesimama bila kuitwa, mtandio umemwangukia mabegani.

"Mnamvuta Mungu huku na huku kama madereva wanaogombania abiria." Alinigeukia. "Wewe umenitetea, asante. Lakini hao Wagiriki wako sikuwazaa. Nilimzaa mmoja." Kisha akamgeukia Mzee. "Na asante unayoitaka sina. Ukisema niende pale mlangoni, naenda. Ila tangu niwaambie amekufa, mmenifundisha juu ya Mungu kila wiki, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mtoto wangu alikuwa mtoto wa namna gani."

Macho yote yalimwendea Mzee, kwani neno lilikuwa lake. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti kilicho mbele yake. Nilijua sheria yetu. Niliona hata mtu mmoja karibu na mlango akianza kuvuta miguu yake ili ampishe kwenye kiti.

"Alikuwa wa namna gani?" Mzee akauliza.

Aliuliza kwa sauti kavu, kama anayeita majina ya walinzi wa zamu. Dada akamtazama kuona kama anadhihakiwa. Kisha akaanza.

Alisema mtoto aliogopa kuku, kijiji kizima kilimcheka. Alisema hakupenda kuvaa viatu vya mguu wa kushoto, akavificha. Alisema walipopigiana simu ya video hakuelewa kwamba anapaswa kuiangalia. Aliibandika sikioni kama alivyomwona bibi yake akifanya, na kwa hiyo tangu yeye mama aje Doha alikuwa akizungumza na sikio. "Uso wake ulikuwa unabadilika na mimi sioni," alisema. "Lakini sikio lake la kulia ningelitambua kati ya masikio ya watoto wote wa Kenya." Akaonyesha kwa kidole, kwenye sikio lake mwenyewe, mahali palipokuwa na kovu dogo la mtoto.

Mke wa Mzee alikuwa analia waziwazi. Dereva alivua tena miwani yake. Mzee hakulia. Alisimama wima mpaka mwisho, taya limekaza, na sikuweza kujua kama alikuwa anamfuata Mungu wake au anapigana naye.

Dada alipomaliza hakusema Bwana asifiwe. Alifunga tu mdomo, akavuta mtandio kichwani, akatazama mlango.

"Nikae wapi?"

Mzee alikohoa.

"Msiba huu haufungwi leo," alisema. "Keti hapo hapo ulipo."