Mama Mkwe Aliyezipa Mbio Kisogo

Nilizaliwa kwenye miinuko ya katikati ya Kenya, ambako maji ni ya chai, ya ng'ombe na ya kunawa uso. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuingia majini hadi shingoni kwa hiari yake. Nilihamia Kisumu kuuza magodoro, nikaoa binti wa Nyakach, na miaka yote hiyo ziwa nililitazama kama mtu anavyotazama shamba la jirani: linapendeza, lakini si langu.

Kisha kitambi kikaanza kunitangulia dukani. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akaandikisha majina yetu katika mashindano ya michezo mitatu. Unaogelea ziwani, ukitoka unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia, na hakuna kuketi katikati. Mwalimu alikulia ufuoni, majini yeye ni samaki. Juu ya baiskeli huyumba kama mtu anayetoka matangani. Mimi nilipeleka maziwa kwa baiskeli tangu utotoni. Tukakubaliana anifundishe maji, nami nimfundishe barabara, na hivyo ndivyo tulivyofika wiki ya mwisho.

Jumatatu asubuhi alinipeleka ziwani.

"Usipigane na maji, Bwana," aliniambia. "Lala juu yake."

Kulala nakujua, ndiyo biashara yangu, lakini godoro halikuingii puani. Nilipiga mikono kwa bidii, nikainua kichwa nikidhani nimevuka ghuba, nikamkuta mwalimu amesimama palepale kando yangu, maji yakimfika kiunoni.

"Umekwenda," alisema kwa upole. "Ila umezunguka."

Jumatano ilikuwa zamu yangu kufundisha. Tulitoka na baiskeli kupitia Ahero, katikati ya mashamba ya mpunga, mwalimu akinifuata nyuma na kumwomba Mungu kila lori lilipotupita. Nilikuwa nimevaa kaptura ya waendesha baiskeli, ile ya kubana, ambayo haiachi siri yoyote ya mwili. Sikuiwazia kabisa hadi gurudumu langu la nyuma lilipopata pancha, na nilipoinua macho nikaona tumesimama Katito, sokoni, hatua chache kutoka meza ya mama mkwe wangu anayeuza wimbi na mtama.

Kwa watu wa mke wangu, mama mkwe na mkwewe wana heshima yao. Hamkai karibu, hamli meza moja, na hakika humwonyeshi mapaja. Nilichuchumaa nyuma ya magunia ya makaa. Mwalimu, ambaye anayajua hayo yote kuliko mimi, akamwamkia kwa sauti ya kuita darasa.

Mama mkwe alijifunika uso kwa leso, akageuka upande. Kuanzia hapo hakuzungumza nami. Alizungumza na mwalimu.

"Huyo aliye nyuma ya makaa anafanana na mkwe wangu."

"Ndiye, Mama."

"Muulize nani anamfukuza."

"Hakuna, Mama. Anafanya mazoezi. Jumapili ataogelea, aendeshe baiskeli, kisha akimbie."

Alilipima jambo hilo kama kibaba cha mtama. "Siku moja? Na gari aliuza?"

"Gari lipo."

"Basi mwambie asimame, makaa yatamchafua. Mimi sioni kitu."

Nilisimama. Alitutumia karanga kupitia kwa mwalimu, na fundi wa baiskeli akaziba pancha huku nusu ya soko ikinisaidia kuona aibu.

Nilidhani yameisha. Ijumaa jioni mke wangu aliweka simu chini, akaniangalia kwa furaha ambayo haikunipendeza.

"Mama anakuja Jumapili kutazama."

Mama mkwe ni Msabato, husali Jumamosi, Jumapili yake ni huru. Nilimuuliza mke wangu kama ninaweza kuogelea na suruali ndefu. "Unaweza," alisema. "Utazama ukiwa na heshima."

Siku yenyewe tulichelewa kuanza kwa sababu kiboko mmoja alikuwa amejilaza karibu na mahali pa kuanzia na hakuna aliyetaka kumharakisha. Alipoondoka kwa hiari yake, tukaingia. Mwalimu alipotea mbele mara moja. Mimi nililala juu ya maji kama nilivyofundishwa, na nililala vizuri hadi nikajikuta nimeingia kichwa kwanza ndani ya magugumaji. Mlinzi mmoja akaja na mtumbwi.

"Mzee, wenzako wako huku."

Nilitoka ziwani nikiwa wa mwisho, na jani sikioni.

Barabarani mambo yakabadilika. Niliwapita vijana wenye baiskeli za bei kali, na karibu na Mamboleo nikampita mwalimu, ambaye mnyororo wake ulikuwa umetoka na mikono yake ilikuwa myeusi kama ya mekanika. Nilimpungia mkono. Huenda nilipunga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Lakini niliposhuka kukimbia, miguu ilikuwa ya mtu mwingine, tena mtu asiyenipenda. Nikaanza kutembea. Na kwenye kona ya mwisho nikamwona mama mkwe wangu. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, amevaa nguo yake ya kanisani, na ameipa barabara mgongo. Mke wangu alisimama kando yake akimtangazia kila kitu kama redio.

"Amefika wapi?" Nilimsikia vizuri.

"Yuko hapa, Mama. Anatembea."

"Mwambie sikutoka Katito kuja kumtazama mtu anayetembea. Wa kutembea tunao."

Sijui miguu ile ilitoka wapi. Nilikimbia hadi mwisho, nikawapita watu wawili, mmoja wao akiwa anafunga kamba ya kiatu. Mwalimu alifika baadaye sana, akitabasamu, magoti yote yamechubuka.

Nilivaa suruali na shati, nikafunga vifungo hadi shingoni, nikaenda kumwamkia mama mkwe. Ndipo alipogeuka.

"Baba, habari za siku nyingi. Unaonekana umechoka."

"Nilikuwa na kazi kidogo, Mama."

"Pole. Kazi ni nzuri."

Tukaenda kula samaki wa kukaanga. Yeye meza yake, mimi na mwalimu yetu, mke wangu akipita katikati na ujumbe. Alipokuja mara ya tatu aliniletea mkia mnono wa samaki.

"Mama anasema ule," alisema. "Na anauliza, kwenye yale magugu ulikuwa unatafuta nini?"