Isale la Mama

Mwaka ule masika yalitufanyia dhihaka. Mvua ilinyesha siku chache ikapotea, na mfereji unaoshuka kutoka msituni hadi kwenye vihamba vyetu, yale mashamba yanayozunguka nyumba, ukabaki na maji ya kulowesha nyayo tu. Kwetu maji ya mfereji ni ya zamu: siku yako ikifika unafungua, unamwagilia, kisha unawaachia walio chini. Sisi tuko juu. Mjane aliye mwisho wa mfereji, anayelea wajukuu, alikuwa akiambulia tope.

Mimi nilikuwa nimepanda maharage, na hasira zangu ziko karibu. Kila jioni nilimwambia mama kwamba kosa si letu. Wenye viwanda huko mbali wanachafua dunia, barafu ya mlima inaisha, halafu tunaoumia ni sisi.

"Wao ndio watuletee isale!" nikasema.

Isale ni jani la ule mmea tunaopanda kwenye mipaka ya mashamba. Mchaga akikuletea kuomba radhi, huwezi kumkataa.

Zamu yetu ilipofika mama alichuma isale, akalipiga fundo, akaniambia nimfuate. Tukateremka hadi kwa yule mjane. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, na papo hapo mama akamnyooshea lile jani kwa mikono miwili.

Mjane akarudi nyuma. "Jamani, umenikosea nini?"

"Tunakunywa sisi kwanza, wewe unakauka. Maji yetu ya leo ni yako."

"Kwani ukame umeuleta wewe?"

"Sikuuleta. Ila aliye juu yako ni mimi, si hao wa Ulaya. Wao wakija na lao, tutalipokea."

Mjane akalipokea huku analia. Isale nilizoea kuliona kati ya watu waliotukanana, waliopigana, hata waliouana. Sikuwahi kumwona mtu akiomba radhi kwa jambo ambalo hakuna ambaye angemdai. Nilimtazama mama yangu na kanga yake iliyopauka, nikamwogopa kama watu wanavyoogopa kanisani.

Tuliporudi alinipa jembe. Maharage yalikuwa yameanza kujikunja. Nikaziba mlango wetu wa maji kwa udongo na magome ya mgomba, nikashindilia kwa mguu mpaka pasivuje hata tone. Maji yakatupita. Tulisimama pale mpaka tukasikia watoto wakipiga kelele kule chini: "Bibi, yamefika! Yamefika!"

Maharage yangu yalikufa wiki ile.